Doa Ndani ya Pindo

Ukitaka kujua leo ni siku gani, angalia kamba za Mama Dobi. Jumatatu ni mashuka ya nyumba ya wageni. Jumanne ni sare za wanafunzi wa bweni. Jumatano ni makoti meupe ya zahanati. Alhamisi na Ijumaa ni nguo za watu wa mtaani, za kila rangi na kila ukubwa, na zikishikwa na upepo utadhani mtaa mzima umepanda kambani kucheza ngoma.

Mama Dobi alifua, mumewe akapiga pasi. Ndiyo maana watu walimwita mume huyo Mzee Pasi, na jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Miaka ishirini na mitatu walifanya kazi katika ua huo mmoja, wenye sakafu ya saruji, mabeseni matano na bomba lililotoa maji likijisikia. Hawakuwahi kupoteza hata soksi. Nguo ilipoingia tu, kabla haijagusa maji, Mama Dobi aliishonea uzi mdogo ndani ya ukosi au kiunoni. Uzi mwekundu, hiyo ni ya mwalimu mkuu. Kijani, ni ya kinyozi. Bluu na nyeupe, ni ya muuguzi wa zahanati.

"Nguo haina mdomo," alizoea kusema. "Haiwezi kuniambia kwao ni wapi."

Adui yake mkubwa alikuwa wino. Makarani walimletea mashati yaliyovujiwa na kalamu mfukoni, wakiwa wameshakata tamaa. Yeye alichukua ndimu, chumvi na sabuni ya kipande, akasugua, akaanika juani, akasugua tena. Shati lilirudi kama limetoka dukani.

"Wino ukiniona mimi unakimbia," alijisifu.

"Hata mimi ukinitazama hivyo huwa nakimbia," Mzee Pasi alimjibu bila kuinua macho kwenye pasi yake.

Basi mwaka huo wa ishirini na tatu vita vikazuka nchi ya jirani. Malori yaliyojaa wakimbizi yakaanza kuingia mjini. Yalisimama stendi, watu wakanywa maji na kunyoosha miguu. Wengine waliteremshwa hapo hapo, wakapokewa katika ghala la zamani nyuma ya stendi, ambalo sasa liliitwa kituo cha mapokezi. Wengine walipelekwa kituo cha pili, mwendo wa saa nne kwa gari.

Mtaani watu walisema mengi. Kuna waliobeba sufuria za uji wakaenda. Kuna waliofunga milango. Mzee Pasi alisema, "Mambo hayo yana wenyewe. Yana mashirika na wakubwa. Sisi tuna mashuka." Mama Dobi alizima redio kila ilipoanza kutaja vita, maana roho ilimuuma.

Jumamosi moja asubuhi, Mama Dobi alipeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa stendi. Wakati wa kurudi, alimkuta mtoto wa kike ameketi peke yake ukingoni mwa barabara. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Alivaa gauni la njano lililojaa matope na kiatu mguu mmoja. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, midomo tu ndiyo ilikuwa ikicheza.

"Mtoto wa nani huyu?" Mama Dobi aliuliza.

"Malori mawili yameondoka sasa hivi," mpakia mizigo mmoja alimjibu. "Naona kaachwa."

Mama Dobi alizunguka, akauliza kwa wauza maji, akauliza kwa mafundi viatu. Hakuna aliyemjua mtoto. Kituo cha mapokezi kilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale. Kwa bahati mbaya hata hakikumpitia akilini. Alichokiona yeye ni mtoto mwenye njaa na matope. Akamweka mgongoni, akaenda naye nyumbani.

Mzee Pasi alipowaona mlangoni aliweka pasi pembeni.

"Umetoka hapa na mashuka, unarudi na mtoto?"

"Mashuka nimeyafikisha."

"Na huyu ana uzi wa rangi gani?"

"Acha utani, baba. Lete maji ya moto."

Mtoto alilishwa, akaogeshwa, akavishwa fulana ya Mzee Pasi iliyomfika miguuni, akalala. Mama Dobi akachukua lile gauni. Aliligeuza ndani nje, kama afanyavyo kwa kila nguo, na hapo ndipo alipouona. Wino! Ndani ya pindo, pale chini kabisa, kulikuwa na michirizi ya wino wa bluu, mistari miwili mizima. Mwisho wake kulikuwa na kitu kama duara, chenye vijiguu vinne na kichwa kidogo, mfano wa kobe.

Mtu mwingine angesimama akasoma. Lakini macho ya dobi huona doa kwanza. Mama Dobi alikamua ndimu, akamwaga chumvi, akaanza kusugua. Mistari miwili ilitoka upesi. Yule kobe alikuwa mbishi. Alimsugua mpaka vidole vikamwasha, akamwanika juani, akamrudia. Saa nane mchana gauni lilikuwa la njano tupu, ndani na nje, na Mzee Pasi akalipiga pasi kwa heshima zote.

"Tazama," Mama Dobi alimwambia. "Hata harusini anaingia nalo."

Siku zikaenda. Mtoto alizungumza lugha wasiyoijua, pamoja na maneno machache ya Kiswahili: maji, njoo, hapana. Hilo la "hapana" alilijua vizuri kupita yote. Walimwita Mgeni. Alimfuata Mama Dobi kila mahali ameshika sketi yake, kutoka bombani hadi kambani na kurudi. Binti wao wa pekee alikuwa ameolewa mbali miaka mitatu iliyopita, na chumba chake kilibaki na kitanda na ukimya. Sasa kilikuwa na mtu. Mama Dobi alijikuta anaimba akifua. Mzee Pasi naye, yule wa "mambo yana wenyewe", alikunja leso ikawa mwanasesere, kisha akaipiga pasi.

Siku ya sita, Alhamisi, aliingia mteja mpya. Alikuwa msichana wa rika la binti yao, amebeba gunia.

"Hodi! Shikamoo mama, shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Karibu. Umetuletea nini?"

"Vizibao, mama. Tunavyovaa kule kituoni. Vimejaa vumbi mpaka watu hawatutambui, na mtu aliyefika leo asipotuona hajui amwendee nani. Vikipatikana kesho nitashukuru."

Alikuwa mhudumu wa shirika la misaada, kwenye dawati la watoto. Mama Dobi alianza kuhesabu vizibao na kutafuta uzi wa kuvishonea. Mara kanga ikatikisika kambani, na uso mdogo ukachungulia. Mhudumu alichuchumaa.

"Eh, huyu ni mjukuu?"

"Ni... mgeni wangu," Mama Dobi alisema.

"Mgeni kutoka wapi, mama?"

Mama Dobi alimweleza yote, kuanzia stendi. Mhudumu hakupiga kelele wala hakukunja uso. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia.

"Mama, ulimwokota na jua kali likimpiga, ukamlisha, ukampa pa kulala. Mungu akubariki. Ila nikuulize, ameandikishwa?"

"Aandikishwe nini? Anakula, analala, anaoga mara mbili kwa siku."

"Mara tatu," Mzee Pasi alidakia. "Juzi nusura niogeshwe na mimi."

Mhudumu alicheka, kisha akashika kizibao kimoja. "Mama, mteja akiikosa nguo yake, huja kuitafuta wapi?"

"Hapa kwangu. Aende wapi tena?"

"Sasa tuseme shati limeanguka njiani. Mtu mwema kaliokota, kaenda nalo kwake, kalifua, kalitundika vizuri kabatini. Mwenye shati atalipata lini?"

Mama Dobi aliacha kuhesabu vizibao. Jibu alilijua, na hakulipenda.

"Atakuja hapa kila siku," alisema mwisho. "Na mimi nitamwambia silijui."

"Ndivyo ilivyo. Mzazi aliyepotelewa na mtoto atakuja kwenye dawati letu, au dawati la kituo kingine. Ua huu haujui. Hata akipita nje hapo barabarani, hatajua kama mwanawe yumo ndani anaogeshwa mara tatu."

"Na kama mama yake ameshakufa?" Mama Dobi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inawezekana. Lakini hatumziki mtu kwa kukisia, mama. Watoto wengi tuliowaandikisha tumekuta wana mtu. Kama si mama, shangazi. Kama si shangazi, babu. Wamepotezana tu katika kukimbia."

Mzee Pasi alishika simu yake. "Hilo dogo. Nampiga picha sasa hivi, natuma kwenye kundi la mtaa. Watu mia mbili wataiona kabla pasi haijapoa."

"Tafadhali baba, usiitume."

"Kwa nini? Si tunamtafuta mama yake?"

"Watu mia mbili si wote wema. Mwenye nia mbaya akiiona picha, kesho atakuja hapa analia: ni mwanangu, ana gauni la njano, ana nywele fupi. Utamjuaje? Sisi mambo ya mtoto hatuyatangazi. Anayedai mtoto ni wake lazima atuambie jambo ambalo sisi hatujamwambia."

Mzee Pasi alirudisha simu mfukoni. Lakini alikuwa na neno lingine, lilikuwa limemkaa siku nyingi. "Binti, usinione mbaya. Hawa watu mnaowahudumia, ni wa upande gani? Maana nasikia wengine ndio waliowasha moto wenyewe."

"Kituoni hatumuulizi mtu upande, baba. Tunamuuliza: una njaa? Umeumia? Umempoteza nani? Wale ni raia. Wengi ni kina mama, watoto na wazee. Hawakushika bunduki, wameikimbia. Halafu tukianza kuchagua wa kumpa maji, kesho hakuna atakayeturuhusu kupita kwenda kwa wenye shida kubwa zaidi."

"Hapo nimekuelewa," Mzee Pasi alisema, akakuna kichwa.

"Basi tumlete lini huyu mtoto?" Mama Dobi aliuliza. Alitaka kusikia wiki ijayo.

"Leo, mama. Kesho asubuhi watu wa kituo cha pili wanahamishiwa kambini, mbali sana. Kama ana mtu wake huko, wakishahama itakuwa kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Njoo naye wewe mwenyewe, maana amekuzoea. Na ulete kila kitu alichokuja nacho."

Wakaenda, Mama Dobi na mtoto mgongoni, Mzee Pasi nyuma na mfuko wenye gauni la njano na kiatu kimoja. Kituoni kulikuwa na watu wengi kuliko Mama Dobi alivyofikiri, na kimya kuliko alivyofikiri. Foleni ya maji ilipinda mpaka ukutani. Mwanamke mmoja alikuwa anafua nguo za mtoto kwa maji ya kikombe kimoja. Mama Dobi alimtazama sana mwanamke huyo. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa na mabeseni matano.

Dawati la watoto lilikuwa meza na mabenchi mawili chini ya turubai. Mwanamke mkimbizi aliyejua lugha zote mbili aliketi karibu na mtoto, akasema naye polepole. Mtoto alijibu kwa minong'ono. Mama. Mtoto mchanga. Gari kubwa. Alipoulizwa jina lake mwenyewe, alificha uso kwenye sketi ya Mama Dobi. Jina la mama yake alilolijua lilikuwa "mama" tu, kama watoto wote wa umri wake.

Mhudumu aliuliza na kuandika. Alimkuta wapi hasa? Siku gani, saa ngapi? Malori mangapi yalikuwa yameondoka? Mama Dobi alijibu yote bila kubabaika. Kisha mhudumu akafungua orodha iliyotoka kituo cha pili, akapitisha kidole, na kidole kikasimama.

"Kuna mama mmoja hapa. Amepotelewa na binti wa miaka minne Jumamosi hiyo hiyo, stendi hii hii. Mtoto aliteremka na jirani kunywa maji. Mama yake, mwenye mtoto mchanga, akabaki kwenye lori. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake. Gauni la njano!"

Alipiga simu kituo cha pili, akazungumza, akasikiliza. Kisha akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje. Akalitazama ukosi, kiuno, pindo. Alilipitia pindo lote mara mbili kwa vidole. Uso wake ukabadilika.

"Hapana," alisema. "Yule mama anasema ndani ya gauni kuna alama aliyoiweka kwa mkono wake. Hili halina kitu. Tena ni safi mno. Magauni ya njano ni mengi, huenda mtoto wake ni mwingine." Alishusha pumzi. "Basi, mama, tutamwandikisha huyu na tutaendelea kutafuta. Kwa sasa, tukishaikagua nyumba yenu, na mkikubali, anaweza kukaa kwenu."

Mama Dobi alilitazama lile gauni mezani.

Anaweza kukaa kwenu. Hakuna aliyejua habari ya ule wino. Mzee Pasi aliliona gauni lilipokuwa tayari safi. Aliyejua ni yeye na ndimu yake. Angenyamaza tu, angerudi nyumbani na mtoto mgongoni, na chumba kisingekuwa kitupu tena. Hakuna ambaye angemwita mwizi. Wangemsifu. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Mtoto alikuwa amemlalia pajani, ameshika sketi. Na saa nne kutoka hapo kulikuwa na mwanamke ambaye kesho asubuhi angepandishwa gari kwenda mbali zaidi.

"Binti," alisema. "Usifunge hilo daftari."

Mhudumu aliinua kichwa.

"Alama ilikuwepo. Nimeifuta mimi."

Mzee Pasi aligeuka. "Umefanyaje?"

"Nilikuta wino ndani ya pindo. Nikaona ni uchafu. Nikautoa wote kwa ndimu na chumvi, nikajisifu juu yake." Machozi yalianza kumtoka. "Miaka ishirini na mitatu kazi yangu haijanipa aibu. Leo imenipa."

Mhudumu hakumlaumu. Alisogeza kiti karibu. "Kina mama wengi wanapokimbia huandika ndani ya nguo ya mtoto, mama. Wewe hukujua. Ulikisoma kilichoandikwa?"

"Sikusoma. Niliona wino, sikuona maandishi."

"Basi jaribu kukumbuka. Usibuni hata kidogo. Niambie kile tu ulichokiona."

Mama Dobi alifumba macho. Doa aliloshindana nalo hakulisahau hata siku moja. "Mistari miwili. Juu herufi. Chini nadhani ni namba. Hiyo ilitoka upesi, siikumbuki. Mwisho palikuwa na mchoro, na huo ndio ulionitesa. Duara. Miguu minne. Kichwa kidogo kimechungulia upande huu." Akaonyesha mkono wa kushoto. "Kobe."

Mhudumu aliandika neno hilo, akalifunika kwa kiganja. Akapiga simu tena. "Muiteni yule mama," alisema. "Msimwambie lolote. Muulizeni tu hiyo alama aliyoiweka ni ya namna gani, aeleze moja moja."

Walisubiri. Mzee Pasi alikunja na kukunjua ule mfuko mtupu. Upande wa pili wa simu zilisikika hatua za mtu anakimbia, kisha sauti ya mwanamke, haraka haraka, na sauti ya mtu akimfasiria. Mhudumu alisikiliza. Akafumba macho, akafumbua.

"Anasema aliandika jina la mtoto. Chini yake namba ya simu ya mjomba. Na pembeni alichora kobe, kwa sababu mtoto hajui kusoma, lakini kobe anamjua. Walikuwa naye nyumbani."

Alimwekea mtoto simu sikioni. Kwanza mtoto alisikiliza. Halafu akaruka kutoka pajani kwa Mama Dobi, akaishika simu kwa mikono miwili, na sauti ile iliyokauka siku sita ikamtoka yote kwa mara moja. Watu wa kwenye foleni ya maji waligeuka. Mama Dobi alilia waziwazi. Alifurahi kweli, na aliumia kweli, na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kesho yake saa nne asubuhi gari la shirika lilimleta mama. Alikuwa mwembamba, kijana kuliko walivyomdhania, na mtoto mchanga mgongoni. Wahudumu walimwuliza tena maswali yao, wakaandika, wakamsainisha. Yeye alijibu yote huku macho yakiwa kwa mwanawe. Alipoachiwa, alipiga magoti palepale kwenye vumbi na kufungua mikono.

Baadaye Mama Dobi alisogea, kichwa chini. "Mwambieni anisamehe. Niliyafuta maandishi yake."

Mwanamke yule alisikiliza maneno yakifasiriwa. Alilishika gauni la mwanawe, akaligeuza huku na huku, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Anasema gauni hili halijawahi kuwa safi hivi tangu alinunue," mkalimani alisema. "Anauliza kama unaweza kumfulia na la kwake."

Wakacheka wote, Mzee Pasi kwa sauti kuliko wote. Kisha mwanamke akaomba kalamu. Mama Dobi mwenyewe alilishika pindo, akalivuta likanyooka kwa mikono miwili, ili wino ukae vizuri.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa kubwa tena na Mama Dobi hakuimba. Jumatatu iliyofuata alikwenda kituoni, akamwuliza mhudumu, "Mnahitaji nini? Mtaani kwetu watu wanataka kuleta nguo zao za zamani."

"Nguo tunazo mpaka hatuna pa kuziweka, mama. Tumeletewa hata viatu vya visigino virefu. Ni vizuri mmeuliza kwanza. Tuna mablanketi mia tatu machafu, na watu wanaumwa upele."

Basi Jumamosi ikawa siku ya mablanketi. Majirani saba walikuja na mabeseni yao. Kinyozi alichota maji. Mzee Pasi alisimamia kamba, akawapigia kelele wote kama mkuu wa kikosi. Kulikuwa na sheria moja katika ua ule, na Mama Dobi aliisimamia bila huruma: hakuna nguo wala blanketi la mkimbizi litakalogusa maji kabla halijageuzwa, likakaguliwa mifuko na mapindo, na kila kilichoandikwa kikanakiliwa kwenye daftari. Katika mwezi ule wa kwanza walipata namba nne za simu na picha moja ya harusi. Zote zilirudi kwa wenyewe.

Stendi nako aliwaambia watu mmoja mmoja. Ukimwona mtoto peke yake, usimpeleke kwako. Mpeleke kwenye dawati, saa hiyo hiyo, na ukae naye. Wengine walimsikiliza kwa sababu ya maneno yake, wengine kwa sababu ndiye aliyekuwa na mashati yao.

Siku moja alikuwa anashusha mablanketi kituoni. Akamwona yule mpakia mizigo wa stendi anakuja, amemshika mkono mtoto wa miaka mitatu hivi anayelia.

"Mama Dobi, nimemkuta nyuma ya lori. Nilitaka nimpeleke kwanza kwa mke wangu amwogeshe, amvishe vizuri."

"Atamwogesha mama yake," Mama Dobi alisema. "Twende."

Wakaenda dawatini, mtoto akiwa na matope yake na kamasi zake. Mhudumu aliandika pale alipokutwa, saa aliyokutwa na alichovaa. Kisha akasimama, akaenda kuuliza ndani ya kituo.

Mama wa mtoto alikuwa kwenye foleni ya maji. Alidhani mtoto amebaki na dada yake. Alipoitwa, zamu yake ilikuwa imefika na bomba limeshafunguliwa, na aliporudi na mtoto kiunoni, ndoo ilikuwa bado haijajaa.